Siku Mbili Zilizobakia za Bi Sikudhani

Hapo zamani, na sisemi zamani za sungura kuvaa kanzu, nasema hizi za juzi, watu walipokwisha kuzoea kuzungumza peke yao barabarani na wasiitwe wendawazimu, palikuwa na mji ukiitwa Jotoni. Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana mimi nikikatizwa huanza upya kwa makusudi. Jotoni kulikuwa na joto. Kuku walitaga mayai yaliyokwisha kuchemka nusu, na mtu akitaka la kukaanga alimbembeleza kuku akatagie juu ya bati.

Katika mji huo aliishi Bi Sikudhani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, muuza barafu. Barafu za ubuyu, barafu za ukwaju, na za maziwa kwa wenye hali zao. Alikuwa mpole mpaka watu wakamzoea, na mtu akizoeleka, mwajua wenyewe, hata salamu hupewa za mabaki. Lakini moyoni mwake mlikuwa na jambo moja ambalo hakulisahau hata siku moja. Alikuwa amepokonywa siku mbili.

Sikilizeni ilivyokuwa. Alipoolewa na Makungu, mshona magodoro, waliingia fungate kama ada inavyotaka. Siku saba bibi arusi hashiki mwiko, hagusi ufagio, hateki maji. Husingwa mwili kwa manukato, hufukizwa udi, huletewa chakula mlangoni, na somo yake, yule bibi aliyemfunda, ndiye hulinda mlango asiingie mbu wala mkwe. Siku ya saba hutolewa nje kwa vigelegele, mji mzima umtazame alivyonawiri. Bi Sikudhani alikaa siku tano. Siku ya sita, kabla ya chai, kilio kikapigwa uani kwamba Faki amefariki.

Faki huyu alikuwa ami yake Makungu, ndugu wa baba yake, mtu mrefu sana na mwenye mapenzi makubwa na pilau. Alikuwa ameila pilau ya arusi siku tano mfululizo, na asubuhi ile akakutwa amelala chali, mdomo wazi, hatikisiki. Bi Mwanamvua, somo yake bibi arusi, aliposikia kilio aliufungua mlango wa fungate kwa mikono yake miwili. Hakuuliza, hakuchungulia. Akasema, "Toka, mwari wangu, kuna msiba." Makungu akatoka mbio kwenda kuchimba kaburi. Bi Sikudhani akatoka na harufu ya udi bado nguoni, akapewa mwiko awapikie waombolezaji.

Adhuhuri, Faki akiwa anaoshwa, akaketi kitako akauliza ni nani anayemmwagia maji ya baridi bila ruhusa. Waoshaji wawili wakapitia dirishani, mmoja hajaonekana mpaka leo. Lakini karani wa mji alikwisha kuandika na kupiga muhuri, wageni walikwisha kufika, na wali ulikuwa mekoni. Basi wakala matanga siku tatu, na marehemu akala nao. Aliyepika ni Bi Sikudhani, na tangu siku ile mwiko haukumtoka mkononi.

Wazee wakasema fungate ikifunguliwa haifungwi tena mwezi huohuo. Basi alingoja mwezi upite, akamuuliza mumewe, "Mume wangu, zile siku zetu mbili?"

Makungu akasema, "Zipo. Zitakwenda wapi? Tutamalizia tu."

Mwaka wa kwanza hawakumalizia kwa sababu ulikuwa msimu wa magodoro. Mwaka wa pili mtoto wao Siti alikuwa anaota jino. Mwaka wa tano jirani alikuwa anaoza binti yake. Mwaka wa kumi na moja paka wa jirani yule alikuwa mgonjwa, na Makungu alisema si adabu watu kujifungia ndani wakati paka wa mwenzao hajiwezi. "Tutamalizia tu, Mama Siti." Ikafika miaka thelathini. Bi Sikudhani akaacha kuuliza, lakini kuacha kuuliza si kusahau, na mwanamume asiyelijua hilo aje hapa mbele nimfundishe.

Sasa, mwaka wa thelathini, akaja mgeni kutoka nchi ya Utosini. Ni nchi iliyoko kaskazini kabisa, juu ya utosi wa dunia, mahali ambapo ukizidisha hatua moja unaanza kuteremka upande wa pili. Alikuja kulifuata jua. Watu wa Jotoni walistaajabu, maana wao walilikimbia jua tangu kuzaliwa, na huyu amelilipia nauli. Alilala mchangani kutoka asubuhi mpaka alasiri akijigeuza mwenyewe kama muhogo ulioanikwa. Alipoinuka alikuwa mwekundu hata nyuki wakamfuata wakidhani ameota ua. Jina lake lilikuwa refu na lina mikwaruzo, watu wakamwita Bwana Mwekundu.

Alikimbilia kwa Bi Sikudhani, akanunua barafu sita za ubuyu, akaziweka kichwani. Halafu akalia. Akasema, "Mama, kwetu hii huanguka toka juu, bure."

"Bure?" Bi Sikudhani akauliza.

"Ndicho kitu pekee cha bure."

Akamsimulia. Akasema Utosini kuna milima imesimama ndani ya maji, na maji yameingia katikati ya milima kama mtu aliyepita bila kubisha hodi. Akasema nyumba ni za mbao, zimepakwa rangi, na usiku mbingu huwasha mataa ya kijani bila mtu kuomba. Na asubuhi unafungua mlango, dunia yote nyeupe, imenyamaza, hakuna jirani anayeweza kukujia na kilio kwa sababu njia imezibwa na theluji.

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipoweka chini kisu chake cha barafu. Miaka thelathini ametengeneza barafu kwa mikono yake, na hakuwahi kuona barafu ambayo hakuitengeneza mtu. Na mahali ambapo kilio hakifiki! Moyo wake ukamwambia, siku zako mbili ziko kule. Si nne, si wiki nzima. Jumamosi na Jumapili tu.

"Na bei?" akauliza.

Bwana Mwekundu akalia tena, na safari hii si kwa ajili ya jua. Utosini kikombe cha chai ni ng'ombe. Maji huuzwa kwa funda, kwa hiyo watu wamejifunza kupiga mafunda makubwa. Benchi la kukalia hulipiwa kwa tako, ndiyo maana wenyeji wengi husimama. Kutazama mlima hulipiwa kwa jicho, jicho moja ni nusu bei, na wageni wote wanaorudi kutoka kule hurudi wakiwa na mazoea ya kukonyeza. Makoti ya baridi hukodishwa kwa vifungo: ukitaka kufunga mpaka shingoni, uza shamba. Na nauli ya ndege, hiyo hata hakuitaja.

Bi Sikudhani akarudi nyumbani jioni hiyo akamwambia mumewe, mbele ya Ami Faki na mbele ya Bi Mwanamvua, "Nazitaka siku zangu mbili, na nazitaka Utosini." Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi.

Makungu akafungua mdomo, na kila mtu akajua neno linalokuja. Lakini Bi Sikudhani akamtazama, na neno likarudi lilikotoka.

Hapo upangaji ukaanza. Ndugu zangu, arusi ya sultani haikupangwa vile. Safari ya siku mbili ilipangwa mwaka mzima na nusu.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwanamvua. Alikuwa na miaka sabini na minane, na alikuwa amefunda mabibi arusi arobaini na mmoja. Arobaini walitimiza siku saba. Mmoja tu ndiye aliyemfungulia mlango siku ya sita, kwa mikono yake. Basi alimchukua Bwana Mwekundu nyumbani kwake, akamuuguza siku arobaini. Alimpaka mtindi, akampaka mafuta ya nazi, na ngozi ilipoanza kutoka akamsinga kwa liwa na mchele wa kusaga kama anavyosingwa bibi arusi. Bwana Mwekundu alikuwa mtu wa urefu wa mlango na nusu, na yule bibi alimgeuza peke yake asubuhi na jioni. Siku ya arobaini Bwana Mwekundu aling'ara hata posa zikaanza kuja. Lakini mgongo wa Bi Mwanamvua ulikuwa umepinda, haukurudi tena. Zamani aliwatazama watu usoni, sasa aliwajua kwa viatu vyao.

Bwana Mwekundu akamwuliza, "Nikulipe nini, Bibi?"

"Nyumba yako. Siku mbili."

Akampa ufunguo. Nyumba ya mbao, ina jiko la kuni, ina dirisha linalotazama mlima. "Dirisha ni langu," akasema. "Watazame mpaka wachoke, kwa macho yote mawili." Kisha akapanda ndege akaenda zake. Bi Mwanamvua akakaanga visheti debe zima, akakausha na nguru wa kutosha siku mbili, ili mtu asilazimike kuuliza bei ya chai.

Malazi yakapatikana. Nauli je?

Wa pili alikuwa Ami Faki. Bwana Mwekundu kabla hajaondoka alikuwa amewaeleza kwamba Utosini watu ni wachache, kwa hiyo mtu akifa huwa ni jambo kubwa, na wafiwa huheshimiwa kuliko mawaziri. Mfiwa wa nchi yoyote ile, akiwa na cheti cha kifo cha ndugu yake, hupandishwa ndege bure, aje aitazame theluji apunguze majonzi. Ila wawe wawili. Mmoja peke yake haaminiki, huenda anajililia mwenyewe.

Wote wakageuka wakamtazama Ami Faki.

Kwa miaka thelathini Ami Faki alikuwa mfu katika daftari la karani. Shamba la baba yake hakurithi, maana marehemu hurithiwa, harithi. Siku za kupiga kura alirudishwa kwa upole na kupewa pole. Na kulikuwa na mjane mmoja mtaa wa pili, mwanamke mzuri, mpishi hodari wa pilau, ambaye alimwambia wazi kwamba yeye haolewi na marehemu, amekwisha kuwa na mmoja na anamtosha. Kila mwezi Faki alikwenda kwa karani kuomba aandikwe hai, na kila mwezi karani alimwambia alete mashahidi wawili waliomwona akifufuka. Waoshaji walikuwa wawili. Mmoja alikimbia asirudi, mwajua. Mwaka huo, baada ya miaka thelathini, karani akachoka. Alikuwa anastaafu. Akasema, "Mzee Faki, njoo Jumamosi ya mwisho ya kazi yangu, nikufute umauti bila shahidi. Usipokuja, karani mpya ataanza faili upya."

Na Jumamosi hiyo ndiyo Jumamosi yenyewe ya Utosini. Akifutwa umauti, cheti kinakufa, na Bi Sikudhani anateremshwa njiani.

Ami Faki alikaa kibarazani siku nzima. Magharibi akaja na cheti, kimekunjwa vizuri ndani ya leso, akakiweka mapajani mwa Bi Sikudhani. "Nilikufa nikakuharibia, mama," akasema. "Wacha nife nikutengenezee." Yule mjane alipopata habari alisema hangoji karani mpya, akaolewa na muuza mkaa mwezi uleule. Ami Faki akaalikwa arusini, akala pilau, akalia.

Nauli ikapatikana. Baridi je?

Wa tatu alikuwa Makungu. Tangu mkewe amtazame jioni ile alikuwa ameacha kusema neno lake. Aliingia chumbani, akalitoa godoro lao, lile la fungate alilolishona mwenyewe kwa sufi safi ya msufi wa kwao, ambalo miaka thelathini hakumruhusu mtu kulibadilisha. Akalifumua. Bi Sikudhani aliposikia uzi ukikatika alihisi kama anafumuliwa yeye, akatoka nje asione.

Kwa miezi saba Makungu alilala juu ya kamba tupu za kitanda. Mgongo wake ukachoreka mistari kama wavu, hata alipokwenda kuoga mtoni watoto wakataka kucheza bao juu yake. Alishona asubuhi, akashona jioni. Sufi ilikuwa haitoshi makoti mawili, na isitoshe Utosini ushuru wa koti hutozwa kwa koti, hautozwi kwa shingo. Basi akashona koti moja lenye shingo mbili. Mikono minne, shingo mbili, mfuko mmoja. Lilikuwa kubwa kuliko kitanda, na lilipoanikwa uani mbuzi wawili waliingia ndani yake wakazaa humo humo.

Shingo moja alipima kwa shingo ya Bi Sikudhani. Nyingine alipima kwa shingo yake mwenyewe.

Baridi ikapatiwa dawa. Alhamisi ikafika. Ndege ni Ijumaa baada ya sala, na kibali cha wafiwa, kile cha kupanda ndege bure, kilikuwa mezani, kina mistari miwili. Mstari wa kwanza uliandikwa Sikudhani. Mstari wa pili ulikuwa mtupu.

Mwaka na nusu wamepanga kila kitu, mpaka idadi ya visheti, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani anakwenda na nani. Kila mtu alidhani inajulikana.

Bi Mwanamvua akafunga kitambaa chake. "Nimekwisha kufunga mzigo wangu," akasema.

"Wako?" akauliza Makungu. "Somo, fungate ni ya mke na mume."

"Fungate bila somo ni watu wawili wamejifungia," akajibu Bi Mwanamvua, akiviambia viatu vya Makungu. "Nani atamsinga? Nani atamlisha? Wewe? Wewe hata chai huijui inawekwa sukari kabla au baada. Nikimwacha aende na wewe, Jumamosi asubuhi ataamka akushikie mwiko. Hiyo si fungate, hiyo ni nyumbani penye baridi. Ufunguo ninao mimi. Mgongo nimeutoa mimi. Bila mimi, hakuna safari."

Ami Faki akakohoa. "Bila mimi pia hakuna," akasema. "Kibali ni cha wafiwa. Waliofiwa na nani? Na mimi. Sasa niambieni, kwa kifo changu mimi, ni nani aliyepata hasara kuliko mimi? Shamba nimekosa, mke nimekosa, uhai nimeukosa mara mbili. Mfiwa wa kwanza wa Faki ni Faki. Niandikeni."

"Ami, shikamoo yako nakupa," Makungu akasema, "lakini utaingiaje na mke wangu katika koti moja? Wewe ni mrefu. Ukisimama wima, yeye atakuwa ananing'inia. Na hilo nisemalo ni la urefu, la adabu sijaligusa."

"Nitainama."

"Siku mbili?"

"Nimekuwa maiti miaka thelathini, Makungu. Kuinama si kazi."

"Koti nimeshona mimi," akasema Makungu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Godoro lilikuwa letu. Shingo ile ni ya kwangu. Somo akiivaa, upepo utaingia. Bila mimi, hakuna safari."

Wakasema hivyo mpaka kahawa ikapoa. Bila mimi, bila mimi, bila mimi. Mwisho Bi Mwanamvua akapoteza subira, akasema jambo ambalo lilikuwa linajulikana na wote na halikusemwa miaka thelathini. Akasema, "Na wewe, Makungu. Mimi nilifungua mlango mara moja, kwa kosa. Huyu alikufa mara moja, kwa kosa. Wewe ungeweza kuufunga mlango Jumamosi yoyote ile, hapa hapa, bila nauli, bila koti. Siku mbili zilikuwa ndani ya nyumba yako. Ulikuwa unamngoja nani?"

Makungu alitazama chini, na kwa mara ya kwanza mwaka ule yeye na Bi Mwanamvua walikuwa wanatazama kitu kimoja.

Bi Sikudhani alikuwa amekaa pembeni na mikono imelala mapajani. Hakuna aliyemuuliza. Alisikia hasira ikimpanda kutoka miguuni, hasira ya siku nyingi, na alishangaa kwamba ilikuwa bado ya moto. Alitaka kuwaambia wote waende wao, watatu, wakae Utosini waendelee kubishana kwa lugha ya watu. Lakini alizitaka siku zake. Akainuka akaenda kulala, na usingizi haukumjia.

Ijumaa baada ya sala, gari ikaja. Dereva akaacha injini inanguruma, maana alisema akiizima haiwaki tena. Mzigo ukapakiwa, visheti vikapakiwa, koti likafungwa juu kwa kamba. Bi Sikudhani akasimama mlangoni, kibali mkono huu, kalamu mkono huu. Wale watatu wamesimama mbele yake, wameoga, wamevaa.

Akasema, "Nawauliza swali moja. Nikikuandika wewe, siku zangu mbili zitakuwa siku za namna gani? Anijibu mmoja mmoja, na asiniambie alichonifanyia. Hayo nayajua."

Bi Mwanamvua akasogea kwanza. "Hutashika kitu, mwari wangu. Nitakuogesha, nitakusuka, nitakulisha kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu wa miaka hamsini na mitatu atasingwa kama wa kumi na minane. Na Jumapili jioni nitakutoa nje, nitakupigia vigelegele mimi peke yangu mpaka theluji iporomoke mlimani. Nife nikijua wote arobaini na mmoja walitoka siku ya saba. Sina lingine ninalolitaka duniani."

Bi Sikudhani akafumba macho kidogo. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimlisha.

Ami Faki akasogea. "Mimi hata ndani siingii," akasema. "Utakaa peke yako ukitaka. Utalala, utaamka, utaitazama hiyo theluji, hutajibu mtu. Mimi nitakaa nje ya mlango kwenye kiti. Akija mtu na habari ya kifo, kiwe cha nani, kiwe changu, namrudisha. Siku mbili hakuna atakayebisha hodi. Nakuapia kwa roho yangu, kama bado ninayo."

Bi Sikudhani akawaza chumba kitupu ambacho hakuna anayeita jina lake.

Makungu akabaki. Alikuwa ameshika kofia yake, anaizungusha.

"Haya, Baba Siti."

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijui zitakuwa siku za namna gani. Mama Siti, zile siku tano nilikuambia maneno yote niliyokuwa nayo. Yote. Hata ya utotoni, hata ya ndoto. Usiku wa siku ya tano nililala macho nikijiuliza kesho nitamwambia nini huyu. Kilipopigwa kilio, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilikwenda kuchimba kaburi mbio." Akaikunja kofia. "Kila ulipoziuliza zile siku mbili, niliogopa. Nilijua tukifunga mlango utaona sina kitu kingine ndani. Nikasema tutamalizia, nikatafute maneno. Nimetafuta miaka thelathini."

"Umeyapata?"

"Sikuyapata. Nimeshona koti."

Bi Mwanamvua akasonya. "Mwari wangu, mwanamke hali koti."

Ami Faki akageuka akatazama ukuta, akapangusa macho kwa leso iliyokuwa na cheti chake.

Bi Sikudhani alicheka, na katikati ya kicheko akaona analia, na hakujua kipi kilianza. Miaka thelathini alidhani mumewe hakumtaka tena tangu siku ya sita. Miaka thelathini amejitazama kwenye kioo akitafuta kasoro. Kumbe kasoro ilikuwa ni mtu mzima anaogopa kunyamaza! Akataka kumkumbatia. Akataka pia kumpiga kwa mwiko, pigo moja kwa kila mwaka. Na akajua, vilevile, kwamba akipanda naye gari hii huenda wakakaa siku mbili ndani ya nyumba ya mbao wakitazamana kama vikombe kabatini, na siku zake zikaisha hivyo, na hakuna nyingine.

Dereva akapiga honi. Akapiga ya pili. Bi Sikudhani akaweka karatasi ukutani, akashika kalamu, akaanza kuandika jina kwenye mstari wa pili.

Nami hapa nanyamaza, na asinisukume mtu. Najua mnavyofikiri. Wanaume mmekwisha kumwandika Makungu, eti mume ni mume. Wanawake mnataka somo, eti mnajua utamu wa kulishwa. Na yule pale nyuma anataka Ami Faki, kwa sababu nyumbani kwake kuna watoto tisa. Msiniambie wangekwenda wote, mistari ni miwili. Msiniambie angebaki nyumbani, hilo hakuuliza. Yuko mmoja anayejua namna ya kumpa siku zake, yuko mmoja anayejua namna ya kuzilinda, na yuko mmoja ambaye siku hizo ni zake pia na hajui azifanyeje.

Wino unakauka, gari haizimwi. Semeni nyinyi: kati ya hao watatu, jina la nani lilistahili kuandikwa?